Madamu, Kabati na Ng'ombe Aliyeitwa Mamba

Sekondari ninakosoma, hapa Mbarara, mimi ndiye msichana anayechekesha watu. Hilo halina ubishi. Nilimwiga mwalimu wa kemia anavyotembea mpaka yeye mwenyewe akabadili mwendo. Nimechekesha bwenini, kanisani, hata kwenye mazishi ya sungura wa klabu ya sayansi. Lakini kuna kichekesho kimoja nimekipiga marufuku, na anayekitoa mbele yangu ajipange: kile cha watoto wa kambini walioonyeshwa ng'ombe wakasema ni mamba.

Kimezunguka hadi mjini. Muhula uliopita kijana mmoja, mtoto wa mwanajeshi wa kule bareki, alikisimulia wakati wa chakula huku akigonga meza kwa furaha. Alisema wakimbizi wa Nakivale hawajawahi kuona ng'ombe. Nikamwambia nilikuwepo. Nikamwambia huyo mamba nilimtaja mimi, kwa sauti iliyoshinda ya wote. Akauliza kama basi ni kweli hatukuwa tumewahi kuona ng'ombe. Nilimmwagia maharage. Wakanipa adhabu ya kufyeka nyasi, na nikiwa katikati ya nyasi niliamua kuandika habari za mwanamke aliyeponzwa na kichekesho kile, maana kila mtu anamtaja ng'ombe, na mamba, na hakuna anayemtaja yeye.

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Ningemuuliza angeniambia nirudi kwenye swali lililo ubaoni. Tulimwita Madamu, basi. Alikuwa Mkongo kama sisi, mwalimu wa praimari tatu katika shule yetu ya Nakivale, mama mfupi mnene aliyechomeka chaki na kalamu ndani ya kilemba mpaka ukadhani kichwa kizima ni kopo la vifaa. Mvua ikinyesha na shitingi, lile turubai la plastiki la paa, ikaanza kuvuja, alifungua mwavuli akaendelea kufundisha chini yake, na aliyecheka alipewa kazi ya kuushika. Niliushika mara nyingi.

Niliingia darasani kwake nikiwa na miaka kumi na moja. Kongo nilikuwa nimefika mwaka wa tano, lakini hapa walisema Kiingereza changu ni cha mtoto mchanga, wakanirudisha nikae na watoto wanaong'oka meno. Hiyo ndiyo hasira yangu ya kwanza ya Uganda na bado ninayo, nimeitunza vizuri. Madamu hakunipa pole. Alisema kwa kuwa nimekuja na mdomo mkubwa hivyo, nikae mbele, asiwe anapoteza nguvu kunitafuta.

Ili umwelewe lazima uijue kritiki. Kwetu Kongo walimu hufunzwa ualimu hivi: mmoja anafundisha somo la majaribio, wenzake wanakaa kwenye madawati wakijifanya wanafunzi, na somo likiisha wanasimama mmoja mmoja kumwambia makosa yake usoni. Madamu alivuka mpaka na desturi hiyo kama wengine walivyovuka na sufuria. Kila Jumamosi asubuhi aliwakusanya walimu wa shule yetu, Wakongo, Warundi na wenyeji, na sisi tukachungulia kwenye nyufa za ukuta. Hakuna burudani kama kumwona mwalimu wa hesabu, mzee mwenye kitambi, amebanwa kwenye dawati la mtoto akinyoosha kidole aombe ruhusa ya kwenda chooni.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza aliitoa kwa Kiswahili chake cha Kivu: "Mubaya kwanza, muzuri nyuma." Ya pili ni kwamba kritiki humhusu aliyesimama mbele peke yake. Ukianza kumsema mtu ambaye hayupo, alikukata hapo hapo. Hiyo ya pili iandike mahali, itaniumiza baadaye.

Siku hizo mradi mmoja ulileta mpango wa walimu kuongozana wawili wawili, mkimbizi na mwenyeji, wapange masomo pamoja na kila mmoja akaangalie darasa la mwenzake. Madamu akapewa Masta wa praimari nne, Mnyankore mrefu mpole aliyekuja kwa baiskeli kutoka Rugaaga, suruali ameibana kwa vibanio vya nguo. Kwa Masta, kumsahihisha mtu mzima mbele ya watu kulikuwa kama kumvua shati. Kwa Madamu, kutomsahihisha kulikuwa kama kumwacha atoke nyumbani akiwa amevaa shati kinyumenyume. Jumamosi ya kwanza Masta alifundisha kujumlisha. Madamu akasimama, akamwambia kwamba mgongo wake sasa unajua kujumlisha, kwa kuwa ndio ulioangalia darasa, na ubao nao unajua, kwa kuwa ndio aliozungumza nao. Masta alikunja karatasi zake, akapanda baiskeli, na wiki nzima hakumsalimia.

Wiki iliyofuata alifundisha akiwa ameugeuzia ubao mgongo, shingo imekakamaa kama aliyelala vibaya. Na akaanza na yeye kutoa kritiki, ila kwa njia yake ya kuzunguka. Alisimama mikono nyuma, akasema, "Somo lilikuwa zuri, nyabo, hasa pale lilipoisha." Walimu wakatazamana, wasijue kama ni sifa. Madamu alicheka mpaka chaki zikamdondoka kilembani. Tangu siku hiyo wakawa marafiki, yeye akimwita Metre, kama Wakongo wanavyomwita mwalimu, na Masta akimwita nyabo, yaani bibi kwa lugha yake, na wakigombana kila Jumamosi kwa heshima zote.

Kitu kingine ni fishi. Kwa Madamu, mwalimu bila fishi ni mpita njia. Fishi ni karatasi ya kuandaa somo, yenye safu mbili: kushoto mwalimu anauliza nini, kulia mtoto anajibu nini. Ndiyo, umesoma sawasawa. Majibu yetu yaliandikwa jana yake. Mwanamke huyu huyu aliyewaambia walimu kila Jumamosi wawaache watoto waseme, alikuwa ameshaandika tutakachosema. Nilimwuliza siku moja, nikishika mwavuli, itakuwaje nikijibu kitu ambacho hakimo kwenye fishi. Alinitazama kama nimemwuliza itakuwaje jua likichomoza kusini, upande wa Tanzania. Akasema fishi ikiandaliwa vizuri jambo hilo halitokei.

Ndipo zilipokuja tableti, zile kompyuta bapa za kugusa kwa kidole, boksi zima, za kufundishia praimari. Sherehe ilifanyika, ngoma zikapigwa, na Hedimasta akazipokea kwa mikono miwili, akazifungia kwenye kabati la chuma ofisini kwake, ufunguo akautia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

Hapa natakiwa niwe na adabu, kwa hiyo nitaandika polepole. Lile kabati lilifunguliwa wageni walipokuja. Wageni wakiondoka, likafungwa. Madamu alikwenda kuomba. Masta alikwenda kuomba. Walikwenda pamoja. Hedimasta alijibu, "Hii kitu ikivunjika, nani najibu? Mimi. Wewe nakaa na chaki yako, hakuna mtu nakuuliza." Ninajua alikuwa ametia saini, ninajua aliogopa. Mimi pia naogopa mambo mengi, lakini sifungii kabatini vitu vya watoto wengine.

Mtu mwingine angekata tamaa. Madamu alikusanya maboksi ya mafuta ya mgao, akayakata vipande vya ukubwa wa tableti, akavichora. Kijana wa mradi alikuwa amemwonyesha lile somo la picha mara moja tu, kwenye tableti moja, naye akashika mpangilio wake wote kichwani: ya kwanza mamba, ya pili chungu, ya tatu mbuzi, na kuendelea. Tukafundishwa Kiingereza kwa tableti za maboksi. Tulitelezesha vidole kwenye karatasi, na mwenzako akabadilisha picha kwa mkono kutoka chini ya dawati. Nilikuwa fundi wa hiyo kazi. Nilikuwa nikiigiza chaji imekwisha, nazimia na boksi langu.

Walimu nao walijifunza kwa maboksi. Jumamosi moja Masta alileta fishi ambayo tableti zinatumika kipindi kizima cha kuhesabu. Madamu aliisoma akiwa amesimama.

"Metre, hii mashini itafanya nini yenye chaki haiwezi?"

Masta alisema watoto watafurahi.

"Batoto wanne banavuta moja. Furaha itakuwa ya nani?"

Masta alifuta. Wakapanga upya pale pale: watoto wanne kwa tableti moja, mmoja anagusa, mmoja anasoma, mmoja anaandika, mmoja anawasimulia waliokaa nyuma, halafu wanazunguka. Mashini dakika chache, kuhesabu mawe muda uliobaki. Na chini ya kila fishi Madamu alilazimisha mstari mmoja: mashini ikikufa, tunafanya nini? Mwalimu aliyeacha mstari huo wazi alirudishwa kuandika. Nimeketi sasa kwenye madarasa ya mjini, umeme ukikatika mwalimu anabaki ameduwaa mbele ya ukuta mweupe, nami namkumbuka Madamu na boksi lake la mafuta.

Cha ajabu, yeye mwenyewe hakuipenda mashini yoyote. Simu yake aliivika soksi ya mtoto, na ikilia aliitazama kwanza, kwa hasira, kama mtu anayemwita bila kubisha hodi. Hakujua kuandika ujumbe. Alinituma mimi, kisha akausahihisha herufi kubwa na nukta, kisha akaniambia nianze upya.

Basi ikafika siku ya wageni wakubwa, wa mradi na wa wilaya. Ilijulikana kwamba wakiridhika, tableti zitatoka kabatini zikae madarasani, na Madamu na Masta watapewa kazi ya kuongoza walimu wa shule nyingine za Nakivale. Madamu hakusema anaitaka kazi hiyo. Alifua kitenge kimoja mara tatu wiki ile, basi tukajua.

Tableti zilichajiwa kwa sola ya kinyozi wa Base Camp, senta ya kambi yetu. Asubuhi kabati likafunguliwa, Hedimasta akiwa na koti la suti kwenye jua lile, na tukagawiwa mashini bado zina plastiki juu ya kioo. Wageni wakasimama nyuma na pembeni. Madamu alisimama mbele, kilemba kipya, fishi mkononi. Akatuambia tuguse. Tukagusa. Akauliza kwa Kiingereza, picha ya kwanza ni nini?

Hakuna aliyekuwa amekaa na mashini ile muda wa kutosha kujua kwamba kila ikiwashwa inachanganya picha upya. Kila tableti ilikuwa na picha yake. Lakini sisi tulijua picha ya kwanza ni nini, tulishatelezesha vidole kwenye boksi mpaka likachakaa. Darasa zima, nikiongoza mimi, tukaitikia: ni mamba.

Afisa mmoja wa wilaya, mwenyeji wa Isingiro, alikuwa ameinama juu ya dawati langu. Kwenye kioo changu alisimama ng'ombe wa Ankole, mwekundu, mapembe yamekuwa marefu hata yakatoka nje ya picha. Bwana yule alinyooka, akainama tena. Akaniuliza taratibu, kwa Kiswahili, "Mtoto, hii ni nini?"

Nilimwona ng'ombe. Nilimwona vizuri sana. Ng'ombe wa aina ile walikula mahindi ya mama yangu nikiwatazama. Nikamwangalia Madamu. Alikuwa amekwishaelewa, mkono wenye fishi umeshuka. Safu ya kulia ilisema mamba, na mimi sikuwa mtu wa kumwumbua mwalimu wangu mbele ya wageni. Nikasimama wima nikajibu kwamba ni mamba.

Walicheka. Yule wa Isingiro hakucheka, aliumia kabisa, kama nimemtukania ukoo. Wengine wakaandika kwenye karatasi zao. Masta alijitokeza, akajaribu kusema, lakini alisema kwa njia yake. Alisema wageni wasiondoke kabla hawajaliona kabati la shule yetu, ni kabati zuri sana, halijawahi kuchoka kufunguliwa. Wageni wakamshukuru. Hedimasta akatabasamu. Hakuna aliyemwelewa isipokuwa sisi tuliokaa kwenye madawati, na sisi hatukuulizwa. Hilo ndilo linalonifanya mpaka leo niume meno. Watu wazima wote wale, na magari yao na kalamu zao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Mtoto wa Nakivale anamwita ng'ombe mamba, na wao wanaona ni jambo la kawaida, ndivyo watoto wa kule walivyo.

Tableti zikahamishwa kabla ya muhula kuisha, zikapelekwa shule moja ya Ruti, hapa mjini Mbarara, kwenye umeme na ukuta. Hedimasta akabaki na kabati lake. Madamu akaondolewa darasani, akapelekwa kituo cha mapokezi cha Kabazana kuwachezesha watoto waliofika juzi wakati wazazi wao wanasubiri kiwanja. Mwalimu yule, kuwachezesha mpira wa matambara.

Nilimfuata Kabazana. Nilikuta amewapanga watoto wanne wanne, mmoja anarusha, mmoja anahesabu, mmoja anaandika mchangani, mmoja anasimulia. Sikucheka. Nilimwuliza kwa nini hakuwaambia wageni habari za kabati.

"Kritiki inasemaka juu ya mwenye kusimama mbele," alisema. "Mbele nilikuwa miye."

Nikamwambia Hedimasta ndiye aliyefunga.

"Hayiko hapa. Fishi ni miye nilandika." Akanigeukia. "Na weye uliona ngombe."

Nilimkasirikia njia nzima ya kurudi, nikapiga teke kila jiwe. Alinifundisha kusema ubaya usoni, na siku ulipohitajika kusemwa, alijisema mwenyewe.

Miaka ilipita. Nilipata nafasi ya sekondari Mbarara, na mwaka huu, 2015, tantine wangu, yaani shangazi, alihamia Ruti, akiuza vitenge kwenye duka la Mwarabu mmoja. Jumamosi moja nilikuwa nimempelekea mzigo, nikaona baiskeli imeegemea ukuta wa shule ya jirani, na kando yake mtu mrefu anabandua vibanio vya nguo kwenye suruali. Masta. Alikuwa amehamishiwa shule ile ile zilikokwenda tableti, sasa ni naibu mkuu. Nilipomwuliza zinaendeleaje, alichekea puani. Alizikuta kabatini, akasema. Kabati jingine, ufunguo mwingine, plastiki ile ile. Ilimchukua mwaka mzima kuupata ufunguo, na siku alipoupata alituma ujumbe Nakivale.

"Nyabo iko ndani," akasema. "Twende. Sisi walimu tunajifanya watoto lakini tunajifanya watoto wazuri. Nataka mutoto mubaya, na wewe uko na uzoefu."

Madamu alikuwa mbele ya darasa la walimu wa mjini waliovaa tai, wamebanwa kwenye madawati. Amepungua. Kilemba kilikuwa kile kile, na kalamu zake. Alinionyesha kidole dawati la mbele bila kunisalimia, nami nikakaa, magoti yakagonga ubao wake. Masta akafundisha somo lake fupi, na Madamu akamtaka mmoja aanze kritiki. Walimu wakatazama viatu. Masta mwenyewe akamgeukia.

"Basi naanza na wewe, nyabo. Mubaya kwanza. Jana ulifundisha na fishi mkononi, hukutazama mtu hata mmoja."

Moja kwa moja, usoni, bila kuzunguka. Nilisahau kutania. Madamu alivuta pumzi, akasema ni kweli, akaiweka fishi mezani kwangu ili mikono yake ibaki mitupu. Nikaisoma. Kushoto kulikuwa na maswali, kwa mwandiko wake uliosimama. Chini kulikuwa na ule mstari wa mashini ikikufa. Safu ya kulia ilikuwa imepigwa mistari ya kuandikia, na haikuwa na neno hata moja.

Mwalimu kijana mmoja naye alikuwa ameiona. Akauliza kwa adabu kama Madamu amesahau kujaza majibu ya watoto.

Madamu alichukua tableti, akaiwasha, akasubiri, akaigeuza kioo kitutazame. Sijui kama aliitafuta picha ile au mashini ilijichagulia. Mapembe yalitoka nje ya kioo.

"Hii ni nini?"

Walimu wote walinyoosha vidole kama watoto wazuri. Masta akanitazama. Nilikuwa na umri wa kutosha kujiheshimu, nilikuwa na sare ya sekondari, na nilikuwa nimemmwagia mtu maharage kwa ajili ya jambo hili.

"Ni mamba, Madamu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, na Masta akafunika uso kwa kiganja. Madamu akachomoa kalamu kilembani, akainama juu ya dawati langu, na kwenye safu ya kulia, mstari wa kwanza, akaandika taratibu huku akisoma kwa sauti ili walimu wote wasikie: mutoto anajibu, mamba. Akaweka nukta. Hakukata, hakusahihisha. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane.

"Bon," akasema. "Sasa uniambie ni juu ya nini."

Kwetu hiyo ni kuuliza kwa nini. Kalamu yake ilikuwa inasubiri juu ya mstari wa pili.

Nikaanza na kabati.